Kubadilisha Vyuma vya Mbele vya Gari Nyumbani

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa tawi siku ya Jumapili. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Katika mkutano uliopita wanachama wengi waliuliza jinsi tulivyobadilisha vyuma vya mbele vya gari letu pale nyumbani, bila kulipeleka gereji, na Kamati ikatuagiza tuje tueleze. Sisi ni watu wanne wa karakana moja ya reli, na gari ni moja tu, Toyota kuukuu tuliyoinunua kwa mchango. Si gari la fahari. Ndilo linalotupeleka zamu ya alfajiri wakati matatu hazijaanza kutembea, na ndilo linaloitwa mtoto wa jirani akishikwa na homa usiku wa manane. Gurudumu lake likikunjika njiani, watakaolia si nyumba nne tu.

Gari hilo lilianza kugonga mbele kila lilipoingia shimoni, na tairi ya kulia ikawa inalika upande wa ndani. Gereji tuliyokwenda ilitaja bei ambayo hatukuweza kuipata kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo tukagawanyika. Wawili walisema tuendelee kulitumia pole pole mpaka siku ya mshahara. Wawili walisema lisimame. Neno lililotupatanisha ni hili: kazini kwetu behewa likionekana lina ubovu katika magurudumu hubandikwa kadi, na halitembei hata kama mzigo wake unangojewa Mombasa. Hakuna asemaye, "Acha liende pole pole." Basi tukalipa gari letu kadi, ufunguo tukampa mke wa mmoja wetu auweke, tukapanda matatu majuma matatu huku tukichanga fedha za vyuma. Kisha tukafanya kazi wenyewe, Jumapili mbili.

NENO KUBWA LA HOTUBA YETU

Ndugu zetu, katika chama twadai kila siku usalama wa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi na mitambo katika hali ya usalama, na amfundishe mfanyakazi kazi yake. Iko pia Sheria ya Malipo ya Kuumia Kazini, ya mwaka huo huo. Mwajiri akituambia tuingie chini ya behewa lililoinuliwa kwa jeki peke yake, tutakataa, na mwakilishi wetu ataitwa mara moja.

Lakini mfanyakazi huyo huyo akifika nyumbani Jumamosi, huinua gari kwa jeki moja juu ya jiwe, akalala chini yake, mtoto wake akimshikia spana. Likimwangukia, hakuna sheria ya malipo ya kazini itakayomlipa mjane wake, kwa maana hakuumia katika kazi ya mwajiri wake. Nyumbani wewe ndiwe mwajiri, ndiwe nyapara, na ndiwe mwakilishi wa chama. Usijipe masharti mabaya kuliko yale unayoyakataa kazini. Hilo ndilo neno letu kubwa, na yote tutakayosema sasa yanalifuata.

JINSI GARI LINAVYOSHIKWA MBELE

Magari mengi madogo tunayoyaona mitaani kwetu yana mguu mmoja kila upande wa mbele, yaani shokabzoba iliyozungukwa na springi. Juu umefungwa katika bodi, chini umefungwa katika kile chuma kikubwa kinachoshika gurudumu. Namna hii inaitwa kwa jina la Mmarekani, Earle MacPherson. Magari ya Ford Consul na Zephyr ya Uingereza, yaliyoonyeshwa mwaka 1950, yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuitumia. Zephyr ilishinda mashindano ya Safari hapa kwetu mwaka 1955, wakati yalipokuwa yakiitwa Coronation Safari. Kwa hiyo mguu huu si mnyonge mbele ya barabara mbaya. Kinachoshindwa ni viungo vyake vikilika na mwenyewe asitazame.

Viungo hivyo ni hivi. Chini kuna mkono wa chuma, ambao kwenye bodi umeshikwa na bushi za mpira. Mwisho wa mkono huo kuna bolijointi, yaani tufe la chuma ndani ya kikombe chake, kama bega la mtu, ili gurudumu lipande na kushuka na tena ligeuke. Kisha kuna tairodi endi, kifundo kidogo kinachovutwa na usukani. Tena kuna linki za stabilaiza, ule mtaimbo unaounganisha pande mbili ili gari lisilale kwenye kona.

Bolijointi ya chini ndiyo inayoshika mguu wa gurudumu usitoke nje. Tufe likichomoka katika kikombe, gurudumu hulala na usukani haumtii dereva tena. Bushi iliyochakaa huleta kelele na kula tairi. Bolijointi iliyochakaa yaweza kuua. Kwa hiyo kama fedha ni kidogo, anza na bolijointi na tairodi endi.

KUTAFUTA UBOVU

Mtu asinunue chuma kabla ya kujua kilichochakaa. Wazee wetu wa reli walikuwa wakigonga gurudumu la behewa kwa nyundo na kusikiliza sauti yake kabla ya kusema neno. Sisi nasi tulitafuta kwanza.

Gari likiwa juu ya stendi, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki, ukatikise tena. Mchezo ukiisha, ubovu uko katika beringi ya gurudumu. Mchezo ukibaki, tazama bolijointi. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza hivyo, mwenzako aweke kidole juu ya tairodi endi. Akisikia mdundo hapo, ndiyo mbovu. Mwisho chukua mtaimbo mfupi, uingize kati ya mkono wa chini na chuma cha gurudumu, ubinye kwa upole. Bolijointi nzima haionyeshi nafasi. Iliyokwisha hupanda na kushuka mbele ya macho yako. Tazama na kifuniko chake cha mpira. Kikipasuka, vumbi na maji huingia, grisi hutoka, na kifundo hakitadumu.

Kwetu tulikuta bolijointi ya kulia inacheza, na tairodi endi ya kulia pia. Na bushi za mkono wa kulia, ambazo gereji moja ilikuwa imezitia miezi michache tu nyuma, zilikuwa zimechanika. Sababu ya kuchanika kwake tutaieleza, maana wengi wamelipia jambo hilo mara mbili.

KUINUA GARI

Gari dogo lina uzito wa kilo 1000 hivi. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kushikilia. Jeki ya mafuta ina mpira mdogo ndani, na mpira huo ukikata, gari hushuka bila kukuuliza. Kwa hiyo:

Kwanza, tafuta mahali tambarare. Kama ni udongo, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, zisizame.

Pili, vuta breki ya mkono, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha legeza nati za magurudumu ya mbele kidogo gari likiwa bado chini.

Tatu, inua pande zote mbili za mbele, uweke stendi mbili za chuma mahali palipoimarishwa chini ya bodi. Ukiinua upande mmoja tu, stabilaiza hujikunja, na linki yake ukiifungua hurusha chuma.

Nne, mawe ya kujengea hayafai hata kidogo, hasa yale ya simenti yenye matundu. Hayaonyi kabla ya kupasuka.

Tano, kabla ya mtu kuingia, lisukume gari kwa mikono. Likitikisika juu ya stendi, lishushe uanze tena. Kisha weka gurudumu ulilolitoa chini ya bodi, lilale pale. Stendi ikishindwa, gurudumu litapokea gari kabla ya kifua chako.

Sita, ufunguo wa gari unakaa katika mfuko wa yule aliye chini. Si juu ya kiti, wala mkononi mwa mtoto.

KAZI YENYEWE

Jioni ya kabla yake tulipiga nyuzi zote brashi ya waya na kuzitia mafuta ya kulainisha kutu. Nati iliyolala na mafuta usiku kucha hufunguka bila matusi.

Tairodi endi ina nati ya kuibana katika fimbo yake. Kabla hatujaifungua tulitia alama ya rangi, na tulipoizungusha kuitoa tukahesabu mizunguko. Ile mpya tuliiingiza kwa mizunguko ile ile. Hivyo gurudumu hubaki karibu na mwelekeo wake wa zamani, na gari laweza kufika kwa mpimaji bila kula tairi.

Mguu wa bolijointi na wa tairodi endi umechongwa kama kabari, umejibana katika tundu lake. Wengi hupiga nyundo juu ya nyuzi, wakaziharibu, na chuma hakitoki. Legeza nati lakini uiache mizunguko michache juu ya nyuzi, ili mkono usiruke ghafula. Kisha piga ubavu wa lile tundu kwa nyundo nzito, mapigo machache yenye nguvu. Chuma hushtuka, na kabari hujiachia. Vaa miwani ya kazi. Jicho halina speapati.

Katika magari mengine bolijointi imefungwa kwa bolti juu ya mkono, nayo hutolewa peke yake. Katika mengine imeshindiliwa ndani ya mkono, na ni rahisi kubadilisha mkono mzima. La kwetu ni la namna ya kwanza, lakini kwa kuwa bushi nazo zilikuwa zimechanika tulinunua mkono mzima. Chuma cha gurudumu kikiwa huru, usikivute sana nje, maana shafti inayoendesha gurudumu yaweza kuchomoka ndani kwenye gia. Na ukifungua breki, usiache kalipa ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ifunge kwa waya. Mpira uliovutwa waweza kupasuka siku utakapokanyaga breki mlimani.

Sasa twaja kwenye bushi. Bushi imeshikwa katikati na bolti, na mpira wake hujipinda mkono unapopanda na kushuka. Ukiikaza bolti wakati gurudumu linaning'inia, umeufunga mpira katika hali hiyo ya kuning'inia. Ukishusha gari, mpira umekwisha kupindwa, na kila shimo huupinda zaidi, mpaka ukachanika. Hivyo ndivyo za kwetu zilivyochanika. Dawa yake haina gharama. Tia bolti zote, zikaze kwa mkono tu, shusha gari likae juu ya magurudumu yake, ulitikise likae sawa, ndipo uzikaze kabisa. Ukimpa fundi kazi hii, mwulize atazikaza wakati gani. Jibu lake litakuambia kama anaijua.

Nati za namna ya kujibana zisitumiwe mara ya pili. Pini ya kukunja iwe mpya. Kama tundu la pini halijalingana na mkato wa nati, ongeza kukaza mpaka lilingane, usirudishe nyuma. Nguvu ya kukaza hupimwa kwa spana yenye kipimo. Kwa Toyota nyingi ndogo nati za gurudumu hukazwa kwa Nm 103. Maana yake ni kama kutundika uzito wa kilo 35 mwisho wa mpini wenye urefu wa sentimeta 30. Anayepanda juu ya spana kwa miguu miwili anaivuta bolti mpaka inachoka, na anayekaza kwa kidole anaacha gurudumu lake barabarani. Nati nyingine zina vipimo vyake katika kitabu cha gari.

Kila nati iliyokwisha kukazwa tulitia rangi. Aliyekaza hakutia rangi mwenyewe. Mwenzake alipima tena kwa spana, ndipo akatia. Macho ya mtu mmoja huona kile anachotarajia kuona.

KAZI TULIYOKATAA

Ndugu, kuna kazi tuliyoikataa, na twataka mjue sababu. Shokabzoba zetu zilikuwa zimeanza kuvuja mafuta. Kuzibadilisha ni kuiondoa springi. Springi hiyo imekandamizwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, na kilichoizuia ni nati moja ya katikati juu ya mguu. Mwenye kuifungua nati hiyo bila kuikaba springi, springi yaweza kumvunja taya au kumwua. Nati zile ndogo zinazoizunguka, ambazo kwa kawaida ni tatu, ndizo zinazoshika mguu katika bodi, nazo ndizo za kufungua. Ile ya katikati usiiguse.

Viko vyombo vya kukaba springi, viwili viwili, vya kutiwa pande zinazotazamana. Vya kuazima tulivyoletewa vilikuwa na nyuzi zilizolika. Tukavirudisha. Tukaitoa miguu yote miwili mizima na springi zake, tukaipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kukandamiza, akabadilisha shokabzoba zote mbili. Shokabzoba hubadilishwa jozi, maana moja mpya na moja kuukuu hulifanya gari livute upande linapofunga breki. Tulimlipa fundi huyo kazi ya saa moja, na kazi iliyobaki tukaifanya wenyewe. Kumpa fundi sehemu yake si aibu.

Tena wenye pikapu wasikilize. Katika pikapu nyingi mkono wa chini ndio unaobeba nguvu ya springi au ya mtaimbo wa kujipinda. Ukifungua bolijointi pale bila kuushikilia mkono, utaruka kwa nguvu zote hizo. Yale tuliyosema ni ya gari lenye mguu wa MacPherson. Mwenye namna nyingine asianze mpaka amepata anayeijua.

BAADA YA KAZI

Siku ya kwanza tulikwenda pole pole uwanjani, tukijaribu breki na usukani. Kesho yake tukalipeleka gari likapimwe alaimenti, yaani magurudumu yatazame mbele pamoja. Kazi hiyo haikwepeki ukiisha kugusa tairodi endi au mkono, la sivyo tairi mpya itakwisha kwa miezi michache na fedha uliyookoa itakwenda nayo. Baada ya kilomita 50 hivi tulizipima tena nati za magurudumu.

Katika kununua, tazameni kwa mikono. Kule Kirinyaga Road, Nairobi, maduka ya speapati yamepangana, na chuma kile kile utakikuta kwa bei nyingi. Chukua kile kibovu ukalinganishe nacho. Bolijointi mpya iwe ngumu kuigeuza kwa kidole, isicheze. Kifuniko chake kiwe kizima. Nyuzi ziwe safi. Na udai risiti. Hata kama ni rafiki, risiti.

TUNALOOMBA

Ndugu Mwenyekiti, hatukuja kueleza tu. Tuna ombi. Wanachama wenye magari ya kuchanga ni wengi, na wenye pikipiki za kubebea mizigo nao ni wengi, lakini mwenye stendi za chuma ni mmoja mmoja. Kununua stendi nne kwa mtu mmoja ni mzigo. Kwa tawi zima ni kitu kidogo. Twaomba tawi linunue stendi nne nzuri, kabari, miwani miwili ya kazi, na spana moja yenye kipimo, vikae ofisini chini ya Katibu, na kila anayeazima aandike jina katika daftari.

Na twaomba liandikwe sharti moja: jeki isiazimwe bila stendi. Anayekuja kuomba jeki peke yake apewe vyote, au asipewe kitu. Atakasirika leo, lakini Jumatatu atakuja kazini kwa miguu yake, na tutapatana.

Tumezoea kusema umoja ni nguvu wakati wa kudai mshahara. Umoja ni nguvu vile vile uani kwako siku ya Jumapili, wakati mmoja anafungua nati na mwenzake amesimama kando anatazama stendi.

Hayo ndiyo maneno yetu. Mwenye swali aulize, na mwenye kuunga mkono ombi letu asimame.